Kiichiro Toyoda: Aliyekataa maghala, akaangushwa na magari yasiyolipiwa

Na Mwandishi Wetu

JUNI 5, 1950, mhandisi mmoja asiyependa maneno mengi, mwenye umri wa miaka 55 na aliyekuwa akisumbuliwa na shinikizo la damu, alijiuzulu urais wa kampuni ya magari aliyoianzisha mwenyewe. Wafanyakazi wake walikuwa katika mgogoro na uongozi tangu Aprili. Mabenki yalikuwa yameshika mlango. Fedha za magari yaliyokwisha kutoka kiwandani zilikuwa hazirudi, na watu aliowaahidi kuwa hakuna atakayepoteza kazi walikuwa wamekwisha kutangaziwa kupunguzwa.

Siku 20 baadaye vita vilizuka katika rasi ya Korea. Jeshi la Marekani lililokuwa Japani lilihitaji malori, tena upesi, na kampuni iliyokuwa inakaribia kufilisika ikapata mnunuzi anayelipa. Mwanzilishi wake hakuwapo tena ofisini kupokea oda hiyo.

Mtu huyo aliitwa Kiichiro Toyoda. Magari yenye jina la kampuni yake hayahitaji kuelezwa kwa mkazi yeyote wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala. Yeye mwenyewe hajulikani sana, na hata wanaofundisha utaratibu wa uzalishaji uliotokana na fikra zake humtaja kwa haraka kabla ya kuhamia kwa waliokuja baada yake. Utaratibu huo ni ule wa kutengeneza kinachohitajika tu, kwa idadi inayohitajika, wakati kinapohitajika, bila kurundika mali ghalani. Leo hii unahesabiwa kuwa ni elimu ya makampuni makubwa. Ulipoanza ulikuwa ni hesabu ya mtu mwenye mtaji mdogo aliyezungukwa na washindani matajiri.

Kiichiro alizaliwa Juni 11, 1894 katika kijiji cha Yamaguchi, mkoani Shizuoka, eneo ambalo sasa ni sehemu ya mji wa Kosai. Baba yake, Sakichi Toyoda, alikuwa mtoto wa seremala aliyeacha useremala ili kushughulika na mitambo ya kufumia nguo, jambo ambalo majirani waliliona kuwa ni wazimu. Sakichi alikuwa akisafiri na kujifungia na michoro yake kiasi kwamba ndoa yake ya kwanza haikudumu. Mama wa Kiichiro, Tami, aliondoka mtoto akiwa bado mchanga, na malezi yakawaangukia babu na bibi hadi Sakichi alipooa tena. Wanaoeleza maisha ya Kiichiro humtaja kama kijana mpole na mwenye haya, aliyekuwa hodari zaidi mbele ya mashine kuliko mbele ya watu.

Katika nyumba hiyo ya mitambo kulikuwa na fundisho moja ambalo baadaye lilikuwa nguzo ya kazi yake. Sakichi alitengeneza mtambo wa kufuma ambao uzi ukikatika unasimama wenyewe. Kabla ya hapo mfumaji alilazimika kuukodolea macho mtambo wake muda wote, la sivyo ungeendelea kufuma nguo yenye kasoro mita kwa mita. Mtambo ukiweza kusimama wenyewe, mfumaji anakuwa huru kutazama mingine. Faida yake haikuishia kwenye mishahara. Kasoro ilijulikana palepale ilipotokea, kabla haijageuka kuwa jora zima la hasara.

Kiichiro alihitimu uhandisi wa mashine katika Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo mwaka 1920, akajiunga na kampuni ya baba yake ya kusokota na kufuma. Kati ya 1921 na 1922 alitembelea Marekani na Uingereza, ambako alikaa Oldham kuangalia jinsi kampuni ya Platt Brothers, iliyosifika duniani kwa mitambo ya nguo, ilivyofanya kazi. Aliporudi alishirikiana na baba yake kukamilisha mtambo uliopewa jina la Type G mwaka 1924. Mtambo huo uliweza kubadilisha chombo kinachopitisha mshindio bila kupunguza mwendo, na mfumaji mmoja akaweza kusimamia zaidi ya 30 kwa wakati mmoja. Mwaka 1926 familia ilianzisha kampuni ya kuutengeneza, Toyoda Automatic Loom Works, mjini Kariya.

Desemba 1929 Platt Brothers wenyewe walikubali kununua haki za uvumbuzi huo kwa pauni 100,000. Mwanafunzi wa juzi alikuwa amegeuka mwalimu. Kwa miaka mingi imesimuliwa kuwa fedha hizo ndizo zilizojenga kiwanda cha magari. Masimulizi hayo yanavutia, lakini wanahistoria waliopekua hesabu za kampuni hawakubaliani nayo. Sehemu ya fedha iligawiwa wafanyakazi kama bakshishi, na mzigo mkubwa wa biashara mpya ulibebwa na mapato ya mitambo ya nguo na mtaji ulioongezwa baadaye.

Sakichi alifariki dunia Oktoba 1930. Wakati huo Kiichiro alikuwa amekwisha kuanza, katika kona ya kiwanda cha mitambo ya nguo, kuchezea injini ndogo ya petroli. Neno kuchezea linafaa, kwa kuwa wengi ndani ya familia waliona hivyo. Shemeji yake Risaburo, mume wa dada yake Aiko, ambaye alikuwa ameingizwa katika ukoo na ndiye aliyeongoza kampuni, alikuwa na kila sababu ya kuhofu. Ford ilikuwa na kiwanda cha kuunganisha magari Yokohama tangu 1925, na General Motors ilifungua chake Osaka mwaka 1927. Vipuri vilikuja kwa meli kutoka Marekani, vikaunganishwa na kuuzwa, na kampuni hizo mbili zikalitawala soko la Japani. Hata matajiri wakubwa wa nchi hiyo, wenye mabenki na migodi, hawakuthubutu kuingia. Sasa mtengenezaji wa mitambo ya nguo, katika mji wa mkoani, alitaka kujaribu.

Septemba 1933 idara ya magari ilifunguliwa rasmi ndani ya kampuni, na mwanzoni mwa 1934 wanahisa waliridhia mtaji uongezwe kutoka yen milioni moja hadi milioni tatu. Kiichiro alinunua gari la Chevrolet, akalifungua kipande kwa kipande, kila sehemu ikapimwa na kuchorwa.

Kuchora kulikuwa rahisi kuliko kusubu. Bloku ya injini ni chuma kilichomiminwa katika kalibu yenye matundu mengi ndani yake, na mafundi wa Kariya, waliozoea vyuma vya mitambo ya nguo, waliharibu bloku moja baada ya nyingine hadi zikafika mamia. Zilirundikwa, zikayeyushwa, zikaanza upya. Injini ya kwanza ilikamilika Septemba 1934, gari dogo la majaribio Mei 1935, na lori la kwanza, G1, likaonyeshwa Tokyo Novemba mwaka huohuo. Lori hilo liliharibikaharibika mno. Shotaro Kamiya, aliyeacha kazi General Motors ili kuja kuyauza, alilazimika kutafuta wanunuzi wenye moyo wa uzalendo na subira, kwa kuwa wa aina nyingine wasingerudi mara ya pili. Kampuni ilitengeneza bila malipo yaliyoharibika, na kila lililovunjika liliandikwa na kurudishwa kwa wabunifu. Kiichiro hakuona fedheha kulala chini ya gari na kutoka na grisi mikononi. Alimdharau mhandisi ambaye hanawi mikono kabla ya kula kwa sababu hakuna kilichoichafua.

Mwaka 1936 serikali, ikisukumwa na jeshi, ilipitisha sheria ya kulinda watengenezaji wa ndani, na hatimaye Ford na General Motors zikafungiwa njia. Mwaka huo pia kulifanyika shindano la kutafuta nembo, na kutokana nalo jina Toyoda likageuzwa Toyota, ambalo kwa maandishi ya Kijapani huchorwa kwa mikato minane, idadi inayohesabiwa kuwa ya heri. Agosti 28, 1937 Toyota Motor ikawa kampuni inayojitegemea, Risaburo akiwa rais na Kiichiro makamu wake.

Hapa ndipo ilipozaliwa hesabu iliyobeba jina lake. Kiwanda kipya kilijengwa katika nyika ya mji wa Koromo, mji uliokuwa umedidimia baada ya biashara ya hariri kuanguka, na kikafunguliwa Novemba 3, 1938. Kilikusudiwa kutoa magari 2,000 kwa mwezi. Viwanda vya Detroit vilitoa maelfu kwa siku. Kwa wingi huo Mmarekani aliweza kununua mashine maalumu kwa kila kipande, kutengeneza vipande vya miezi kadhaa kwa mkupuo, na kuvihifadhi katika maghala makubwa bila kuumia. Kiichiro hakuwa na uwezo huo. Angemwiga Detroit, mtaji wake wote ungelala ghalani katika umbo la chuma kabla gari moja halijauzwa.

Jambo hili halihitaji shahada ya uhandisi kulielewa. Fundi wa samani wa Keko, jijini Dar es Salaam, anayenunua mbao za makabati 20 wakati ana oda ya makabati matatu, anajua fedha yake iko wapi: imesimama ukutani, inangoja mchwa na mvua. Wahenga walisifu haba na haba, lakini kibaba kilichojaa mbao si kibaba kilichojaa fedha.

Kiichiro aliagiza kwamba Koromo kusiwe na limbikizo. Alitumia maneno matatu ya Kiingereza yenye maana ya kitu kufika kwa wakati wake barabara, si mapema, si baadaye, na yakabandikwa kiwandani. Aliandika pia kitabu cha maelekezo ambacho unene wake ulifikia sentimita 10, kikieleza kila hatua inavyopaswa kwenda sambamba na inayofuata. Binamu yake Eiji Toyoda, kijana aliyekuwa akijifunza kazi chini yake, ni miongoni mwa waliopewa jukumu la kuwaelimisha wasimamizi. Kiini chake kilikuwa idadi ya siku. Kila sehemu ilipewa hesabu ya vipande vya siku hiyo. Waliomaliza mapema waliruhusiwa kwenda nyumbani, na ambao hawajamaliza walibaki hadi wamalize. Kutengeneza zaidi ya hesabu hakukuwa bidii, kulikuwa kosa.

Agizo hilo lilikwenda kinyume na mazoea ya karakana zote za wakati huo. Fundi aliyekwisha kufunga chombo kwenye mashine yake hutaka kuchonga vipande 500 kabla ya kubadilisha, kwa kuwa kubadilisha kunamchosha na kunampotezea muda. Lakini vipande 500 vikikaa kwenye kapu, kasoro ya kipande cha kwanza itagunduliwa vyote vikiwa vimekwisha kuharibika. Vikiwa 20, hasara ni ya 20, na aliyekosea bado anakumbuka alichofanya asubuhi. Fundisho la uzi uliokatika lilikuwa limehamia kwenye chuma.

Kiichiro aliwatazama pia wenye karakana ndogo waliomletea skrubu, springi na vyuma vya kusubu. Kanuni za ununuzi za kampuni za mwaka 1939 zilielekeza kwamba karakana ikishateuliwa kuwa mgavi ihesabiwe kama tawi la kiwanda, isitupwe kwa sababu jirani yake amepunguza bei kidogo, na isaidiwe kuboresha kazi yake. Hakufanya hivyo kwa huruma tu. Asiye na ghala anamtegemea mgavi wake kila siku, na hawezi kumudu mgavi aliyeanguka.

Mpango huo haukudumu. Vita vya China vilikuwa vimekwisha kupamba moto, na vita vya Pasifiki vikafuata. Chuma, mpira na makaa viligawiwa kwa amri ya serikali, na kilichofika kilifika kwa siku iliyoamuliwa na ofisa wa Tokyo. Kiichiro, aliyekuwa rais wa kampuni tangu Januari 1941, aliongoza kiwanda kilichotengeneza malori ya jeshi yenye vifaa pungufu, mengine yakiwa na taa moja ya mbele. Magari madogo ya raia, ambayo ndiyo yaliyokuwa ndoto yake, yalikaribia kusahaulika. Agosti 14, 1945, siku moja kabla ya Japani kutangaza kusalimu amri, mabomu yaliharibu takriban robo ya kiwanda cha Koromo.

Baada ya vita Kiichiro aliwaza kwanza tumbo la wafanyakazi wake. Kampuni ilijaribu kazi nyingine zilizo mbali na magari, ikiwamo kutengeneza masufuria, na mwanawe Shoichiro alipelekwa kaskazini katika shughuli za vyakula vya samaki. Wakati huohuo aliwapa wahandisi wake lengo ambalo wengi waliliona halimo katika uwezo wa binadamu: kuifikia Marekani katika muda wa miaka mitatu. Mmoja wa waliolichukua lengo hilo kwa uzito alikuwa Taiichi Ohno, aliyehamia kutoka kiwanda cha nguo cha ukoo huo mwaka 1943. Ohno aliona kuwa Mjapani hakuzidiwa nguvu za mwili na Mmarekani. Kilichomzidi ni upotevu: kungoja, kubebabeba, kurudia kazi, kutengeneza kisichotakiwa.

Kisha ukaja mwaka 1949. Mpango wa kubana matumizi uliosimamiwa na Joseph Dodge, mwenye benki kutoka Detroit, ulizima mfumuko wa bei Japani, lakini ulizima pia mifuko ya wateja. Toyota iliuza kwa malipo ya kila mwezi, na wanunuzi wakashindwa kulipa. Kiwanda kiliendelea kutoa magari kwa kasi iliyopita uwezo wa soko. Bei ya chuma ilipanda huku bei ya gari ikidhibitiwa na serikali. Yule aliyewahi kupiga marufuku limbikizo sasa alikuwa na limbikizo baya kuliko yote, lile la magari yaliyokwisha kutengenezwa ambayo fedha zake hazionekani.

Nissan na Isuzu zilikuwa zimekwisha kupunguza watu. Kiichiro alikataa. Desemba 1949 uongozi na chama cha wafanyakazi vilitia saini makubaliano: wafanyakazi wakubali mishahara ipunguzwe kwa asilimia 10, na kampuni isimwachishe mtu kazi. Mwisho wa mwaka huo kampuni ilinusurika kwa mkopo wa yen milioni 188 uliotolewa na kundi la mabenki 24 baada ya tawi la Nagoya la Benki Kuu ya Japani kuingilia kati. Mabenki yalikuja na masharti yao. Shughuli za mauzo zitenganishwe na kiwanda na ziwe kampuni nyingine. Kiwanda kitengeneze magari yale tu ambayo kampuni ya mauzo inaweza kuyauza. Wafanyakazi wa ziada waondolewe.

Sharti la pili, likisomwa kwa utulivu, lilikuwa wazo la Kiichiro mwenyewe, likimrudia kutoka kwa wadai. Tofauti ni kwamba yeye alilianzia mwanzo wa kazi, kwenye kipande na kapu, na hakulifikisha mwisho wake, kwa mteja na mfuko wake. Hilo ndilo pengo kubwa zaidi katika kazi yake, na wafanyakazi ndio waliolilipia.

Aprili 1950 kampuni ilitangaza mpango wa kuwapunguza watu 1,600. Chama kikashika makubaliano ya Desemba mkononi. Migomo na mikutano ya hasira ikafuatana, uzalishaji ukaporomoka, na Kiichiro, ambaye maradhi yalimzuia kuhudhuria sehemu kubwa ya mazungumzo, akaona kuwa hawezi kubaki katika kiti huku akivunja ahadi aliyoitoa. Alijiuzulu Juni 5 pamoja na viongozi wengine wa juu. Siku tano baadaye mgogoro ukamalizika. Zaidi ya watu 2,000, kati ya takriban 8,000, waliondoka.

Kujiuzulu huko kumeelezwa mara nyingi kama kafara ya bwana mkubwa. Ni kweli wafanyakazi walilegea baada ya kumwona naye anaondoka. Ni kweli pia kwamba ahadi ilivunjwa, na familia zaidi ya 2,000 hazikupata chochote kutokana na heshima ya mtu aliyejiuzulu.

Taizo Ishida, aliyetoka katika kampuni ya mitambo ya nguo, alishika urais. Oda ya kwanza ya jeshi la Marekani, malori 1,000, ilifika Julai, na hadi oda hizo zilipokoma zilikuwa zimepita 4,000. Ishida hakupenda kupongezwa kwa bahati hiyo, na alijiona kama mlinzi wa kiti cha mtu mwingine. Kampuni ilipopata nafuu alimwendea Kiichiro na kumwomba arudi. Kiichiro alikubali. Machi 27, 1952, kabla hajarejea kazini, alifariki dunia jijini Tokyo kwa kuvuja damu kwenye ubongo. Alikuwa na miaka 57. Risaburo, shemeji aliyekuwa na hofu na magari, alimfuata Juni mwaka huohuo.

Kazi hiyo ilikamilishwa bila yeye. Katika karakana ya injini Ohno aliondoa maghala ya kati na kuwataka mafundi wasimamie mashine mbili, kisha tatu na nne, jambo lililozua chuki kubwa miongoni mwa mafundi wa zamani. Alikuwa amesikia habari za maduka makubwa ya Marekani, ambako mteja huchukua rafuni anachohitaji na mwenye duka hujazia kilichochukuliwa tu. Kuanzia 1953 aliugeuza utaratibu huo kuwa wa kiwandani: sehemu ya mbele ndiyo mteja, hufuata vipande nyuma kwa kadi, na bila kadi hakuna kinachotengenezwa. Kadi hiyo iliitwa kanban, na mwaka 1962 ilikuwa imeenea kampuni nzima. Kubadilisha kalibu za mashinikizo ya bati, kazi iliyochukua saa mbili hadi tatu katika miaka ya 1940, ilishushwa hadi dakika tatu mwishoni mwa miaka ya 1960. Bila hilo kadi zingekuwa karatasi tu, kwa sababu hakuna anayeweza kutengeneza kidogokidogo ikiwa kila badiliko linamla nusu siku.

Dunia iliamka baada ya mgogoro wa mafuta wa 1973, Toyota ilipoonekana kuinuka haraka kuliko wenzake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Marekani waliupa utaratibu huo jina lenye maana ya uzalishaji mwembamba, usio na mafuta ya ziada, na tangu hapo umeuzwa kila mahali, mara nyingine na watu wanaouona kama njia ya kisomi ya kufukuza wafanyakazi.

Wenye karakana ndogo wana malalamiko yao, nayo si ya kupuuzwa. Kampuni kubwa inapodai vipande viletwe mara kadhaa kwa siku, mgavi ambaye hajabadilisha namna yake ya kutengeneza hulazimika kuweka yeye ghala ambalo mkubwa amelikataa. Limbikizo halijaondoka, limehama nyumba. Na asiye na akiba hutikisika upesi. Februari 1, 1997 kiwanda cha Aisin mjini Kariya, mji uleule ambako Kiichiro alianzia, kiliteketea kwa moto. Kilikuwa kikitengeneza vali ndogo ya breki kwa karibu magari yote ya Toyota, na akiba iliyokuwapo haikutosha hata siku chache. Viwanda vya Toyota nchini Japani vikasimama. Waliovinusuru walikuwa wagavi na karakana nyingi, nyingine hazijawahi kutengeneza vali hata siku moja, zilizogawana michoro na kuanza kuchonga usiku na mchana. Magari yalianza kutoka tena ndani ya takriban wiki moja.

Utaratibu huo umefika pia Afrika Mashariki, kwa njia iliyo karibu zaidi na asili yake kuliko viwanda vikubwa. Mwaka 2010 watafiti kutoka Japani na Tanzania waliwafundisha wenye biashara ndogo za ushonaji jijini Dar es Salaam kupanga vitambaa, kuondoa visivyotumika, kuweka hesabu na kupunguza mwendo wa bure ndani ya chumba cha cherehani, na wakawafuatilia kwa miaka kadhaa baadaye. Tangu 2013 Wizara ya Viwanda na Biashara, kwa msaada wa shirika la misaada la Japani, JICA, imekuwa ikifundisha kaizen, yaani kuboresha kazi kidogokidogo bila kukoma, katika viwanda vya hapa nchini. Mshonaji mwenye vyerehani vitano hana haja ya kadi za Ohno, lakini ana haja ya kujua ni magauni mangapi yametundikwa yakingoja mteja asiyejulikana, na mkopo uliyoyanunulia vitambaa unadaiwa lini.

Mji wa Koromo ulibadilishwa jina na kuitwa Toyota mwaka 1959. Shoichiro, yule mtoto aliyepelekwa kaskazini kwenye samaki, alijiunga na kampuni miezi michache baada ya kumzika baba yake. Mwaka 1982 kiwanda na kampuni ya mauzo, zilizotenganishwa kwa amri ya mabenki miaka 32 kabla, ziliunganishwa tena kuwa kampuni moja, na Shoichiro ndiye aliyekuwa rais wake wa kwanza.